Kupamba mawe madogo kwa rangi na mihuri: mwongozo wa kazi ya nyumbani

Jiwe dogo lililotayarishwa vizuri hukaa juu ya meza ya sebuleni miaka mingi na rangi yake bado imeshika. Lisilotayarishwa huanza kuambuka kabla ya mwezi kuisha, na aliyelipaka hujilaumu kwamba hajui kuchora, ilhali tatizo lilikuwa unyevu uliobaki ndani ya jiwe, au muhuri mgumu uliolazimishwa kwenye mgongo uliopinda. Mambo haya mawili, jiwe liwe kavu na muhuri uwe laini, ndiyo yanayoamua kazi yote. Uchoraji wenyewe ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani.

Vipimo vilivyo hapa ni vya mawe 12, kila moja lenye urefu wa sentimita 6 hadi 8. Kazi ya mikono ni kama saa nne kwa jumla, ila zigawanye katika siku nne au tano, maana kukauka hakuharakishwi.

Kuchagua mawe

Yanayofaa zaidi ni mawe ya mto yaliyolainishwa na maji, mapana kuliko yalivyo manene: unene wa sentimita 1.5 hadi 3, na angalau upande mmoja ulio karibu na bapa. Wauza miche na vyungu kando ya Ngong Road na Limuru Road huyauza kama mawe ya kupambia bustani. Ukiruhusiwa, chagua moja moja kwa mkono. Lishike jiwe, lipitishe kidole gumba mgongoni, na ukikuta shimo au mkwaruzo mrefu liache, kwa sababu muhuri hautaacha alama mahali hapo.

Kokoto za ujenzi hazifai. Zimepasuliwa kwa mashine, zina kona kali, na hakuna mahali pa kulaza muhuri. Vipande vya mawe ya Ndarugu, yale ya kijivu yanayojengewa nyumba nyingi hapa Nairobi, vinawezekana kwa mwenye subira: ni majivu ya volkano yaliyoshikana, yana vitundu vingi, na rangi ya kwanza huinywa yote. Mawe ya sabuni kutoka Tabaka kule Kisii ni laini, yanapendeza na husawazishwa kwa urahisi, ila yaliyokwisha kung'arishwa huwa yamepakwa nta, na rangi haikamati juu ya nta.

Usiokote mawe kwenye Mto Nairobi wala Mathare River. Maji taka ni hatari kwa mikono yako, na oili iliyoingia kwenye jiwe hairuhusu rangi kushika. Usitoe mawe ndani ya Nairobi National Park wala Msitu wa Karura pia. Hayo ni maeneo yaliyohifadhiwa.

Kabla ya kununua mawe mengi, lidondoshee moja tone la maji. Tone likikaa juu kama shanga, jiwe lina nta au mafuta. Likipotea mara moja, jiwe lina vitundu na litahitaji rangi ya kwanza iliyozimuliwa. Likitanda taratibu bila kupotea, hilo ndilo jiwe la kuanzia.

Kuosha na kukausha

Changanya lita 2 za maji ya vuguvugu na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya vyombo. Sugua kila jiwe kwa mswaki wa zamani, hasa kwenye mikunjo, kisha suuza hadi povu liishe. Lenye ukijani wa mwani liloweke dakika 10 kwenye maji yenye Jik, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, halafu lisuuze mara tatu. Kamwe usichanganye Jik na siki au dawa ya choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Jiwe la sabuni lenye nta lisugue kwa msasa namba 220 ukiwa umelilowesha, kisha namba 400, na uoshe tena. Kulilowesha si kwa ajili ya ulaini tu: vumbi la jiwe hilo halifai kuvutwa puani, na maji hulizuia lisiruke.

Sasa anika. Mawe magumu ya mto yanahitaji saa 24 mahali penye hewa, na yenye vitundu saa 48 hadi 72. Kati ya Juni na Agosti, mawingu ya Nairobi yanapokaa kutwa nzima, ongeza siku moja. Usiyaweke juu ya jiko wala ndani ya oveni ili yakauke upesi. Maji yaliyofungiwa ndani hugeuka mvuke, na jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Kujua kama jiwe limekauka kweli, litie kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaoonyesha, ufunge, uweke juani kwa saa moja. Ukiona ukungu upande wa ndani wa mfuko, bado. Kipimo hiki kinapaswa kufanywa kila mara, maana uso wa jiwe hukauka mapema na kudanganya macho. Ukilipaka likiwa na unyevu, maji hayo yatatafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi kutoka chini. Matokeo yake ni malengelenge, kisha ngozi nzima ya rangi hubanduka kwa kucha.

Rangi ya kununua

Kwa rangi ya msingi, emalsheni nyeupe isiyong'aa, yaani rangi ya maji ya kupakia kuta, inatosha kabisa. Kopo dogo kabisa la hadiwea ni zaidi ya unachohitaji: mawe 12 yakipakwa mara mbili hula kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Isiyong'aa ni bora kwa sababu uso wake una ukwaruzo kidogo unaoishika rangi inayofuata.

Kwa rangi za mapambo nunua tyubu ndogo za akriliki kwenye duka la vitabu na vifaa vya sanaa. Nne zinakutosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu na ya manjano. Njia ya bei nafuu zaidi, na ambayo wengi hawaijui, ni ile oksaidi ya unga inayotiwa kwenye saruji ya sakafu. Chukua kijiko kimoja cha chai cha oksaidi nyekundu, kikoroge na maji kidogo hadi kiwe laini bila madonge, kisha uchanganye na mililita 100 za emalsheni nyeupe. Utapata rangi ya waridi yenye udongo ndani yake. Ongeza oksaidi ikiwa unataka iliyokolea. Rangi hii hustahimili jua kuliko nyekundu nyingi za tyubu, kwa kuwa oksaidi ya chuma haipauki upesi. Vaa barakoa unapopima unga wake.

Rangi ya mafuta ya kupakia milango iache. Huchukua usiku mzima kukauka, muhuri huteleza juu yake, na akriliki ikipakwa juu yake huambuka. Na kopo lolote utakalochagua, soma lebo kuhakikisha imeandikwa kwamba rangi haina madini ya risasi, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Kupaka msingi

Panga vizibo vitatu vya soda kwa kila jiwe, meno yakitazama juu, na ulaze jiwe juu yake. Hivyo halitagandamana na gazeti, na rangi haitakusanyika chini. Tumia kipande cha sponji badala ya brashi. Gusagusa, usiburute. Sponji haiachi mistari, na mistari ya brashi ndiyo inayoharibu alama za muhuri baadaye.

Paka juu na pembeni, subiri saa moja, geuza, paka chini. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uwe mwembamba kiasi kwamba jiwe bado linaonekana kidogo. Kwa mawe yanayokunywa maji, zimua mkono huu: sehemu nne za rangi kwa moja ya maji. Usizidishe, kwa sababu rangi iliyojaa maji haina tena gundi ya kutosha kushika na itatoka kama chaki. Mkono wa pili usizimue. Watu wengi hutaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito, na hapo ndipo nyufa hutokea: ngozi ya juu hukauka kwanza, maji yakiwa bado chini, na yanapotoka rangi husinyaa na kuchanika.

Baada ya nyeupe, paka rangi uliyochagua kuwa ya uwanja, yaani ile itakayokuwa nyuma ya mapambo, mikono miwili, kisha acha usiku kucha. Asubuhi paka mkono mmoja mwembamba sana wa vanishi ya maji isiyo na rangi na usubiri saa mbili. Hatua hii hurukwa mno, nayo ni bima ya kazi yako. Juu ya vanishi, muhuri uliokosea unaweza kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya nusu dakika bila kugusa rangi ya chini.

Mihuri

Muhuri wa kawaida una kitako kigumu cha mbao au plastiki. Ukiulaza juu ya jiwe, unagusa mahali pamoja tu: katikati hupata rangi nyingi, kingo hazipati kitu. Kusukuma kwa nguvu hakusaidii, maana rangi hukimbilia pembeni na umbo likavimba. Muhuri wa mawe lazima ujikunje kufuata mgongo wa jiwe. Kwa hiyo jitengenezee.

Ulio bora hutoka kwenye foma: karatasi za foma za milimita 2 zinazouzwa kwa ajili ya kazi za shule, au wayo wa slipasi chakavu uliooshwa na kukatwa vipande vyembamba. Chora umbo, likate kwa makasi makali, na ulibandike kwenye kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 1. Tumia gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 hadi isinate kidoleni, kisha bana. Gundi ile ya tone moja inayoshika papo hapo hukauka ikawa ngumu na kuua ulaini uliokuwa ukiutafuta. Mishipa ya jani au macho ya ndege yachore juu ya foma kwa kalamu ya wino ukikandamiza. Mifereji hiyo haitapokea rangi na itaonekana kwenye jiwe.

Kwa umbo lenye maelezo madogo, chonga kifutio. Hapa tahadhari ni mwelekeo, hasa ukiwa na herufi. Chora kwa penseli laini ya 2B juu ya karatasi nyembamba ya kunakilia, uigeuze uso chini juu ya kifutio, na usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa kinyume, nao ukipigwa utatoka sawa. Kata kwa wembe au kisu cha karatasi, kina cha milimita 2, na mkato uelekee nje ya mstari ili ukuta wa umbo uwe na mteremko. Ukikata kuelekea ndani, ncha nyembamba hukosa chini pa kujishikiza na hukatika baada ya kupigwa mara chache. Kifutio kizima bado ni kigumu kidogo. Kipunguze unene hadi milimita 6 na ukibandike kwenye sponji kama foma.

Jikoni nako kuna mihuri. Bamia iliyokatwa kwa kukingama hutoa ua ambalo mkono wa binadamu hauwezi kulichora kwa usawa huo. Iache kwanza juu ya karatasi dakika 20 hadi 30, uso uliokatwa ukiwa chini, ili utelezi wake unyonywe. Bila hivyo rangi hukataa kushika na alama hutoka na mapengo. Kikonyo cha sukuma wiki hutoa hilali. Kiazi kinafaa kwa maumbo makubwa ila hutoa maji, kwa hiyo kikaushe kwa kitambaa kila baada ya kupiga mara tatu au nne. Kwa nukta, hakuna kinachoshinda kifutio kilicho nyuma ya penseli.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama wino wa muhuri wa ofisi unafaa. Haufai. Wino huo hukauka kwa kunyonywa na karatasi, na jiwe lililopakwa rangi halinyonyi. Utabaki mbichi siku nzima, kisha vanishi itaufuta wote.

Kupiga muhuri

Laza jiwe juu ya taulo yenye unyevu iliyokunjwa mara nne ili lisibingirike. Weka rangi kiasi cha kijiko cha chai kwenye sahani, iwe nzito kama uji mzito. Ikiwa nyepesi hutiririka na kuziba mifereji ya muhuri. Usichovye muhuri kwenye rangi. Chukua rangi kwa kipande cha sponji, kigonge mara mbili pembeni mwa sahani, kisha gusagusa uso wa muhuri hadi ufunikwe wote bila vilima.

Piga mara ya kwanza kwenye karatasi chakavu. Alama hiyo huwa na rangi kupita kiasi. Paka muhuri tena kidogo, sasa nenda kwenye jiwe. Anza na ukingo mmoja, ubingirishe hadi ukingo wa pili kwa kidole gumba, ubane sekunde mbili, kisha uinue wima. Usizungushe, usitikise. Muhuri wa foma ukiushika vizuri utauhisi ukikaa juu ya mgongo wa jiwe kabla ya kuinua.

Alama ikitoka nusu, usijaribu kupiga tena juu yake. Hutapata mahali pale pale. Jaza pengo kwa brashi namba 0. Osha muhuri kwa mswaki kila unapobadilisha rangi na kila unapopumzika, kwa kuwa akriliki hukauka kwenye mifereji ndani ya dakika chache na haitoki tena.

Mfano mmoja: jiwe la kanga

Mpangilio wa kanga umekwisha kukurahisishia kazi: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Chukua jiwe la sentimita 8 kwa 6 na ulipake uwanja mwekundu. Ukiongeza nyeusi na nyeupe utakuwa na rangi tatu za kanga ya kisutu.

Chora kwa penseli, kwa wepesi, mstari unaozunguka jiwe milimita 8 kutoka ukingoni. Hili ni pindo. Piga nukta nyeupe kwa kifutio cha penseli kwanza mahali panne: ncha mbili za urefu na katikati ya kila ubavu. Kila robo iliyobaki itapokea nukta tatu, jumla 16, zikiwa zimeachana sentimita 1 hivi. Ukianza mahali pamoja na kuzunguka moja kwa moja, nukta ya mwisho haitapata nafasi na jiwe zima litaonekana limekosewa.

Zikikauka, weka nukta nyeusi ndogo katikati ya kila nyeupe kwa kichwa cha kijiti cha meno. Kwenye mji, piga korosho mbili nyeusi za sentimita 2 zikitazamana, kwa muhuri wa kifutio. Acha nafasi ya sentimita 1 chini yake kwa ajili ya jina. Jiwe la ukubwa huu hubeba neno moja fupi, kwa mfano KARIBU, kwa herufi za milimita 4. Liandike kwanza kwa penseli ukianzia herufi mbili za katikati, kisha upitie kwa brashi namba 0. Kalamu za wino wa kudumu (makapeni) huvutia kwa urahisi wake, lakini wino wake huvuja mara tu unapogusana na vanishi ya spiriti.

Vanishi

Subiri saa 24 baada ya muhuri wa mwisho. Koroga vanishi taratibu kwa kijiti na usitikise kopo, la sivyo utapaka mapovu. Mikono miwili myembamba, saa mbili kati yake, inatosha kwa mawe ya ndani. Ya kwenye vyungu vya nje yape mitatu. Vanishi ya mafuta ina nguvu zaidi lakini hugeuza nyeupe kuwa ya manjano kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo iweke mbali na kazi yenye nyeupe nyingi. Ya kupuliza pulizia kutoka sentimita 25 hadi 30, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa.

Fanya kazi hii kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana. Vanishi ikipakwa jioni yenye mvua au baridi hushika unyevu na kuwa na ukungu mweupe. Ukiuona, usiongeze mkono mwingine juu yake. Liache jiwe ndani siku tatu. Mara nyingi ukungu huisha. Usipoisha, sugua kidogo kwa msasa namba 400, futa vumbi, na urudie mchana wenye jua. Mawe yasilale kwenye roshani usiku wa Julai, kwa kuwa baridi ikikaribia nyuzi 10 akriliki haishikamani vizuri inapokauka.

Yanapoguswa yataonekana makavu siku hiyo hiyo, lakini vanishi huendelea kukomaa kwa wiki nzima. Kabla ya hapo usiyapange yakigusana wala kuyafunga kwenye plastiki. Yatanatana na kung'oana.

Kuyatumia na kuyatunza

Bandika vipande vidogo vya kitambaa kizito chini ya jiwe linalokaa juu ya meza ya mbao. Mawe matano ya ukubwa tofauti kwenye sinia ya makuti hupendeza kuliko kumi na mawili yaliyopangwa mstari. Kwenye vyungu vya dhania, rosemari na mnanaa yatumie kama vibao vya majina, uso ukielekezwa mbali na jua la mchana, ambalo kwenye miinuko ya Nairobi hupausha waridi na zambarau haraka kuliko rangi nyingine.

Usiyatie kwenye tangi la samaki, usiyaweke ndani ya chombo cha chakula, na madogo yaweke mbali na watoto walio chini ya miaka mitatu.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu bila sabuni kali. Rangi iliyobaki itie kwenye chupa ndogo yenye kifuniko na uiandike jina na tarehe. Jiwe likianguka na kumomonyoka, sugua mahali hapo kwa msasa namba 400, gusa kwa rangi ile ile kwa sponji, na baada ya saa moja rudishia vanishi kwenye sehemu hiyo peke yake.